Barua Zilizo Chini ya Kuku

Juzi, nikiwa kwenye duka la kompyuta mjini Iringa, mama mmoja alimwomba fundi amfungulie barua pepe za marehemu mumewe. Kisanduku kilikuwa tupu.

“Mmezifuta, mwanangu?”

“Hapana, mama. Mfumo wa zamani ulikuwa kama posta. Kompyuta yenu ikishachukua barua, seva, ile kompyuta ya kampuni iliyozipokea, ilikuwa haibaki na nakala. Kompyuta hiyo iko wapi?”

Mama akashika shavu. “Nyumbani kijijini Nyololo, stoo. Kuku anaatamia juu yake.”

“Msiiwashe. Ileteni kama ilivyo.”

Akampigia bintiye palepale. “Sikia, mtoe huyo kuku taratibu. Baba yako yuko chini yake.”

Fundi hakucheka. Nami nilirudi nyumbani nikauliza kompyuta yetu ya zamani tulimpa nani.