Chai za Kabatini

Marehemu mume wangu alikuwa akienda Uchina kununua vipuri vya mashine za boti, na kila safari alirudi na kopo la chai. Kila kopo nililipokea, nikalifuta vumbi, nikaliweka kwenye kabati la kioo sebuleni, kati ya vikombe vya harusi yetu na sahani ambazo hazijawahi kuguswa na mchuzi. Ndivyo tulivyolelewa: kitu kizuri hakitumiwi, kinatazamwa. Alilalamika miaka ya mwanzo, kisha akachoka, akawa anakunywa chai ya maziwa kama watu wengine. Alipofariki makopo yalikuwa yamejaza rafu nzima. Mengine yalikuwa na picha za milima, mengine ndege, na maandishi yake sikuyajua hata moja.

Nikaingia eda. Kwa asiyeijua, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hapaki hina wala wanja, hajitii manukato. Dini imeweka hivyo na mimi sina ugomvi nayo. Mwenye ugomvi alikuwa mwili wangu. Mimi ni mtu wa kuamka na kwenda sokoni Kilindoni, nikabishane na wauza pweza hata siku ambayo sina haja ya pweza. Ghafla dunia yangu ikawa vyumba vitatu, ukumbi, na ua uliozungushiwa ukuta. Ukuta ule niliujua kila ufa. Nilikuwa nikisikia watu wanapita nje wakicheka, nikawachukia bure.

Aliyekuja kukaa nami ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, kutoka Kirongwe. Tulikuwa hatupendani, niseme kweli. Ana ulimi wa wembe yule mwanamke, na tangu naolewa alikuwa akisema mchuzi wangu hauna chumvi. Sasa tumefungiwa nyumba moja, yeye akiangalia nisivuke mlango na mimi nikiangalia asinimalizie sukari.

Lakini kilichonibana hasa hakikuwa ukuta. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja kila asubuhi kutuletea mkate na kitoweo. Alisimama barazani, mimi nyuma ya pazia, tukaulizana hali. Ni mtu mpole, ana mke na watoto, na sijawahi kusikia neno baya kutoka kinywani mwake. Nyumba yetu ilijengwa kwenye kiwanja cha ukoo wao. Kumposa mjane waziwazi angali ndani ya eda haifai, ila kudokeza kunaruhusiwa, na ukoo ule umejaliwa kipaji cha kudokeza. Ami yao, mkubwa wa ukoo, alipita siku moja kunipa pole. Akasema kupitia pazia kwamba nyumba hii mlango wake umezoea watu wale wale, haitaki mgeni. Nikamwitikia, "Sawa, ami." Nilikuwa nimeelewa. Siku ya kutoka eda nitaulizwa kama naolewa na shemeji. Nikikubali, nabaki kwangu. Nikikataa, nitafute pa kwenda, na pa kwenda palikuwa kijumba cha marehemu mama huko Kiegeani, paa lake la makuti limebonyea upande mmoja.

Na sikumtaka. Alikuwa angali kijana wa shule nilipoolewa, mimi ndiye niliyempakulia chakula. Kila nikijaribu kumfikiria kama mume, nilimwona ameshika sahani akingoja nimpakulie. Tatizo ni kwamba sikuwa na mazoea ya kusema sitaki. Tangu utoto, nikiulizwa nataka nini, nilisema chochote tu, na watu wakanisifu kwa tabia njema. Wema wao wote ulinizunguka, mkate wa asubuhi na pole za jioni, na sikuona pa kupenya bila kumkanyaga mtu.

Ilikuwa masika. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, shemeji hakuweza kuja, na majani ya chai yakatuishia. Wifi akasimama mbele ya kabati.

"Hiki nini?"

"Chai ya Uchina. Ya marehemu."

"Chai, halafu imekaa kabatini, na sisi tunakunywa maji ya moto?"

Kabla sijasema neno, kopo likawa limefunguka. Akayatia majani kwenye sufuria, akatia maziwa ya unga, iliki na sukari, akachemsha mpaka ikafura. Tulipoonja tukatazamana. Ilikuwa chungu ya kukunja ulimi, na rangi yake kama maji ya kusuuzia sufuria la mchicha. Wifi akameza kwa heshima ya marehemu, kisha akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini hapa katuweza." Nikacheka. Tangu msiba nilikuwa sijacheka.

Nilimpigia binti yangu aliyeko Dar es Salaam, akaulizia kwa watu wanaojua. Akatuambia maji yasitokote, yamwagiwe juu ya majani, yakae kidogo tu, na chai inywewe bila maziwa wala sukari. Wifi alisema chai bila sukari ni ya mgonjwa, lakini kukaa bure kulimshinda, akakubali kujaribu. Tukatoa vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, tukakaa mkekani ukumbini. Kuanzia hapo kila alasiri tulifungua makopo mawili na kuyalinganisha.

Majina hatukuyajua, basi tukayapa yetu. Kulikuwa na ya kijani, majani yake membamba, na harufu yake ilinirudisha kwenye kamba za mwani zilizoanikwa juani. Kulikuwa na ya moshi, ambayo wifi aliapa kuwa imehifadhiwa ghala moja na samaki wa kubanika. Kulikuwa na nyeupe yenye vijinywele, laini mno, mtu unaimeza ndipo unakumbuka kwamba ulikuwa unakunywa kitu. Kulikuwa na ya vidonge, imekunjwa kama punje za pilipili manga, ikipata maji inajikunjua taratibu mpaka jani zima linaonekana na kikonyo chake. Hiyo tuliimwagia maji tena na tena, na kikombe cha tatu kikawa kitamu kuliko cha kwanza. Na kulikuwa na nyeusi ya udongo. Kopo lake lilikuwa kuukuu kuliko yote, nikadhani imeoza. Ilikuwa na ladha ya ardhi iliyonyeshewa, nzito na tamu kwa mbali. Ile ya kijani, iliyonunuliwa karibuni, ndiyo iliyokuwa imechuja.

"Ipi inaishinda mwenzake?" wifi aliuliza siku ya kwanza.

"Zote nzuri."

"Sikukuuliza hivyo. Vikombe viwili haviwezi kulingana. Sema."

Nikamtazama usoni nijue yeye anapenda ipi, nikasema hiyo. Alinigundua mapema. Akawa akishaonja anajifunika leso uso mzima, kama mtu anayesubiri kunyolewa, na kutoka humo ndani anasema, "Haya. Sema." Mara ya kwanza nilikaa kimya mpaka chai ikapoa. Ni jambo la aibu mtu mzima kuona haya kusema kwamba chai fulani haipendi, lakini kijasho kilinitoka. Hatimaye nikasema nyeupe siipendi, haina uzito kinywani. Akafunua leso. "Mimi naipenda kuliko zote," akasema, "na hujafa."

Tukawa wajuzi wa kujitakia. Mvua ikinyesha tulikinga maji ya paa kwenye pipa, kwa sababu tuligundua maji ya kisima yana chumvi kidogo, nayo yanaiua ya vidonge lakini ile ya udongo yanaipa nguvu. Tulibishana juu ya jambo hilo kwa ukali ambao majirani walidhani ni ugomvi wa urithi. Siku nyingine nilimshinda, siku nyingine alinishinda. Halafu jua lilipungua, adhana ikatoka, tukaosha vikombe, na ukuta wa uani ukawa pale pale.

Kopo moja lilikuwa na asumini. Nililifungua mimi, na harufu ikajaa ukumbi wote kama bibi harusi ameingia. Wifi akalifunika haraka. Mwenye eda hajitii manukato.

"Ni ya kunywa, si ya kujipaka," nikasema.

"Itakutoka kwenye pumzi. Watu wa barazani watasema nini?"

Tukabishana mpaka nikachoka. Mwishowe akaenda kuipika uani peke yake, na mimi nikabaki ndani, pua yangu kwenye upenyo wa mlango. Sijawahi kujihisi mfungwa kama alasiri ile. Kifo cha mume wangu nilikuwa nimekipokea, lakini maua ndani ya maji ya moto, hatua chache kutoka nilipo, yalinitoa machozi. Nikamwambia kupitia mlango, "Basi nielezee." Akapiga funda jingine. Akasema inaanza tamu halafu inaacha uchungu nyuma ya ulimi. Akasema inamkumbusha siku yake ya pili ya kuolewa, walivyomfunga kikuba cha asumini kichwani na yeye kichwa kinamuuma.

Wifi alifiwa na mume wa kwanza akiwa bado kijana, na baada ya eda akaolewa na mdogo wake huyo mume. Ukoo mzima ulimtaja kama mfano. Mtazameni alivyotulia, walisema. Miaka mingi nami nilimtazama nikaona ametulia.

Karibu na mwisho wa eda, tukiwa na vikombe mkononi, alisema bila kunitazama, "Mtu huzoea, wifi. Mwaka wa kwanza ni mgumu, halafu unazoea." Nikajua ametumwa. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Kumbe hata ukumbi ule, mahali pekee nilipokuwa napumua, walikuwa wameshaingia. Nikamwaga chai yangu uani na kwenda chumbani. Kwa siku kadhaa kila mtu alikunywa yake pembeni, nami nililala nikijifunza maneno ya kumwambia ami. Kila nikiamka yalikuwa yamenitoka.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa nguo mpya, wanawake wakaja, dua ikasomwa. Baada ya wali wanaume walikaa barazani na mimi nikaketi ndani karibu na mlango, wifi ubavuni mwangu. Shemeji alikuwepo, ameinamisha kichwa. Ami akazungumza vizuri sana. Alimsifu marehemu, akanisifu mimi kwa subira, akasema ukoo hautaki kunipoteza, na kwamba kijana wao yuko tayari kunisitiri. Akauliza kama nimeridhia.

Nilisikia sahani zikioshwa uani. Nilitaka kusema, na ulimi haukunyanyuka. Wanawake walikuwa wameanza kutabasamu, mmoja alishaweka kiganja mdomoni tayari kwa kigelegele.

"Alhamdulillahi," ami akasema. "Kunyamaza ni kuridhia."

"Hapana, ami," wifi akasema.

Yule wa kigelegele akateremsha kiganja.

"Kunyamaza ni kuridhia kwa mwali. Huyu ni mjane. Mjane lazima atamke."

Wifi aliinamisha macho kwenye mkeka, hakunigusa wala kunitazama. Sikuwa na uso wa kuusoma.

"Simtaki," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Si kwa ubaya wake. Simtaki."

Shemeji alikohoa. Ami akasema kwa upole ule ule, "Huzuni bado inamsemea. Tumwache apumzike, tutarudi."

"Nimekaa naye eda nzima," wifi akasema. "Namjua akiwa hajui analotaka, na namjua akijua. Amesema."

Waliondoka bila kugombana. Hakuna aliyenifukuza, na mkate wa asubuhi haukuletwa tena. Juma lile lile nilianza kufunga vitu vyangu. Sasa naishi Kiegeani, na mvua ikija na upepo wa kusini navuta godoro upande mkavu. Si kwamba nimekuwa huru kama ndege. Kijumba ni kidogo kuliko ukumbi ule, na wapo wanaopita wakisema mjane yule ana kiburi.

Asubuhi aliyoondoka wifi, kabla sijahama, nilimkuta chumbani akifunga nguo zake kwenye kanga. Nilikuwa na neno la kumshukuru, badala yake nikamwuliza siku yake yeye, walipomwuliza, alisema nini.

"Nilinyamaza."

"Hukujua kama mjane lazima atamke?"

"Nilijua. Nililisoma chuo cha Kurani nikiwa msichana." Akakaza fundo, akalifungua, akaanza kulifunga upya. "Nilikuwa nangoja mmoja wao aliseme."

Nilimshika mkono, akaniachia nimshike kidogo. Nje mumewe alikuwa amefika na pikipiki. Akapiga honi mara moja, si kwa ukali, na wifi akaitika "Abee" kabla fundo halijakazika, akabeba kanga yake na kutoka.