Balozi wa Masumbwe

Nilisafiri kwa sababu watu walinicheka. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na sioni haya kuitaja. Ya pili ni Mama Kulwa, jirani yangu wa nyumba ya saba. Alikuwa kitandani, miguu imemvimba, hawezi kugeuka bila kushikwa, na kila aliyeingia kumjulia hali aliulizwa swali moja tu: "Shija amefika?"

Shija ni binti yake, aliyezaliwa baada ya mapacha Kulwa na Doto, na kwetu Usukumani anayewafuata mapacha ndiye Shija, hatafutiwi jina jingine. Kulwa na Doto wako Nyarugusu wanachimba dhahabu, na huko mtu akishaingia duarani, simu yake nayo imezama shimoni pamoja naye. Shija alikuwa Kigali. Alikwenda kumsaidia mwanamke mmoja kuuza vitenge. Siku moja mwanamke yule akaondoka na mkoba uliokuwa na vitambulisho vyao wote wawili, asirudi tena.

Ubalozi wetu kule ulikuwa tayari kumpa Shija hati ya dharura ya kurudi nyumbani, ila kwanza ithibitike kwamba ni Mtanzania. Mtendaji wetu akaandika barua, ikapigwa picha, ikatumwa kwa simu. Barua ilisema Shija Lutonja. Shija mwenyewe kule alikuwa amejiandikisha Shija Rutonja. Ubalozi ukajibu kwa adabu kwamba majina hayo yanaonekana ni ya watu wawili. Kwetu L na R ni mtu na nduguye. Aliye karibu na mlango ndiye anayeitika. Lakini hayo utamweleza nani kwa simu akakuelewa?

"Nitakwenda mwenyewe," nikasema. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, kazi niliyoachiwa na baba mkwe wangu. Mgeni akilala mtaani kwangu lazima nijue. Mke na mume wakitupiana vyungu, mimi ndiye ninayegongewa mlango.

Pale kituo cha mabasi Masumbwe, Bwana Luhende, dalali wa dhahabu asiyebanduka kwenye benchi la kahawa, aliposikia ninakokwenda akaweka kikombe chini ili acheke vizuri.

"Balozi gani wewe, mama? Ubalozi wenu siku hizi ni kutangaza mikutano ya chama. Huko Kigali watakufungulia geti kwa lipi?"

Wenzake wakapigana mabega kwa kicheko.

"Nikirudi na Shija," nikamwambia, "utaniamkia."

Kabla ya kuondoka nilipita kumuaga Mama Kulwa. Alikuwa amewaambia wanawake wanifungie michembe kwenye mfuko, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, chakula cha mtu wa safari. Akanishika mkono.

"Nilimwambia siku ile anaondoka, ukifika ugenini, kabla hujafanya lolote, ripoti kwa balozi. Sijui kama aliripoti."

Nikabeba kikapu changu.

Alfajiri basi lilitutoa Masumbwe. Barabara hii naijua kwa sauti, maana malori ya Rwanda na Burundi hupita mbele ya nyumba yangu usiku na mchana, lakini kuifuata mpaka mwisho sikuwahi. Ushirombo tulipita watu wakienda misa ya asubuhi. Runzewe tukanunua mahindi ya kuchoma dirishani. Baada ya Nyakanazi tukaingia kwenye lile pori ambalo miaka ya nyuma mabasi yalikuwa hayapiti bila askari ndani. Siku hizi ni miti na ngedere tu, lakini nilishika kikapu changu mpaka tulipotokea upande wa pili.

Benaco basi lilisimama, nikahamia gari dogo la mpakani. Mahali hapa, miaka ile ya mauaji ya Rwanda, watu walimwagika kutoka ng'ambo wakiwa na magodoro vichwani na watoto migongoni. Baba mkwe alitukusanyia mahindi nyumba kwa nyumba ili yaletwe huku. Watu wale walikuja bila karatasi, nasi hatukuwauliza L wala R. Nililikumbuka hilo nikiwa nimebanwa kwenye kiti cha nyuma, na nikakasirika upya.

Rusumo nilivuka daraja kwa miguu, maporomoko yakinguruma kando. Ofisa wa upande wa pili alitazama kikapu changu akacheka kwa upole. "Mama, huku mfuko wa plastiki hauingii." Nikamwaga michembe yote kwenye kanga, nikafunga fundo, nikamwachia mfuko wake. Toka hapo gari linakimbia upande wa kulia wa barabara, na mimi kila tulipokutana na lori nilikuwa nafumba macho.

Kigali ni mji wa vilima na usafi wa kukera. Bodaboda haikubebi mpaka uvae kofia ngumu, hata kama una kilemba cha kupendeza, nami nilikuwa nacho. Ilinipeleka Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kinasikika kila kona. Shija alikuwa amehifadhiwa hapo na mjane mmoja Mnyarwanda, Mama Zuhura, muuza sambusa. Shija aliponiona alipiga magoti pale pale uani, akainamisha kichwa kwenye miguu yangu, akalia. Amekonda mtoto wa watu. Nilimwinua kwa ukali kidogo, kwa sababu nami nilikuwa karibu kulia.

Tukiwa tunakula, nikamwuliza lililonikereketa njia nzima.

"Mama yako alikuagiza uripoti kwa balozi. Uliripoti?"

"Niliuliza, mama balozi," akasema. "Siku ya kwanza tu. Nikawauliza majirani, balozi wa mtaa huu anakaa nyumba ipi? Wakacheka. Wakaniambia balozi ana gari lenye bendera na geti lenye mlinzi. Nikaona huyo siye wangu. Nikaogopa kwenda mpaka nilipokwama."

Mama Zuhura akatikisa kichwa. "Alizunguka mtaa mzima akitafuta balozi kama anatafuta kinu cha kuazima."

Mimi sikucheka. Msichana alikuwa ameuliza swali sahihi. Nani alimfundisha kwamba balozi mwenye bendera si wake?

Asubuhi tulikwenda wote wawili. Nilipoiona bendera yetu ikipepea juu ya kilima cha wenyewe, nilikaza kilemba changu. Mlinzi getini alikuwa kijana wa pale pale, Kiswahili chake cha kupimapima.

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni balozi."

Akasimama wima. "Balozi wa wapi?"

"Wa Masumbwe."

Akaingia ndani mbio. Kumbe kijana wa watu hakuijua Masumbwe, akadhani ni nchi. Punde akatoka bwana mmoja wa makamo akifunga vifungo vya koti, akaangaza kushoto na kulia akitafuta gari lenye bendera ya Masumbwe. Akaniona mimi na kilemba changu, Shija, na fundo la michembe. Akaelewa. Akacheka mpaka akashika nguzo ya geti.

"Mama yangu, hapa balozi ni mmoja tu."

"Ndiyo," nikasema, "ninyi mnaye mmoja kwa nchi nzima, ndiyo maana watu wanawapotea. Sisi tuna mmoja kila nyumba kumi. Huyu ni wa nyumba ya saba. Nimekuja kumchukua."

Kicheko kikamwisha. Akanisogelea akainama kidogo. "Shikamoo, mama. Karibuni ndani. Mimi naitwa Hamdani, nashughulikia mambo ya raia."

Ni mtu wa Tanga, na kwa heri yote niliyoiona kwake sina la kumlaumu. Alituketisha, akatuletea chai. Wakati karatasi zikitafutwa nikamwuliza nyumba hii kazi yake hasa ni nini, maana kwetu tunaisikia redioni tu wakubwa wakiagana. Akanieleza kwamba nchi ilipopata uhuru mabalozi wetu walikuwa wachache mno, wengine jana yake walikuwa wakifundisha darasani, na kazi kubwa ilikuwa siasa na ukombozi wa majirani. Sasa, alisema, wakubwa wanazungumza biashara, lakini wanaobisha hodi getini kila siku ni madereva wa malori, wanafunzi, wafanyabiashara, na wagonjwa walioishiwa.

"Na kila Mtanzania akifika anatakiwa ajiandikishe hapa," akamalizia. "Hawaji. Wanatuona sisi ni wa wakubwa."

"Mgeni akilala, balozi ajue," nikasema.

"Hasa."

"Basi ni kazi ile ile, baba. Wewe una koti tu."

Akatabasamu, kisha akaweka barua ya mtendaji kando ya maelezo ya Shija. "Sasa mama, tatizo ni hili. Nahitaji mtu mzima anayemfahamu atie sahihi kwamba Lutonja na Rutonja ni mtu mmoja. Akisema uongo, sheria ni kali."

Nikasimama, kwa sababu jambo kama hilo halisemwi umekaa. Nikasema namjua huyu tangu siku anazaliwa, namjua baba yake aliyekufa, najua mlango wao unavyolia ukifunguliwa, na wanaotaka kunifunga kwa hilo wanifunge.

"Cheo chako niandike nini? Mkulima?"

"Andika balozi."

Kalamu ikasita. Nilimtazama mpaka akaandika: *balozi wa nyumba kumi, Masumbwe.* Nikatia sahihi chini yake kwa herufi kubwa. Michembe nilimwachia nusu, naye akaanza kuitafuna tukiwa bado hatujatoka mlangoni.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Rusumo Shija alitoa hati yake mpya kwa mikono miwili, ikagongwa mhuri, akavuka daraja bila kutazama nyuma. Mimi nilikuwa nikiomba kimya kimya tumkute mama yake, maana tangu juzi simu ya nyumbani ilikuwa haipatikani.

Masumbwe tuliteremka jua likielekea kuzama. Bwana Luhende alikuwa benchini. Alimwona Shija, akaniona mimi, akahangaika na kikombe chake.

"Shikamoo, balozi," akasema, ingawa kwa umri amenizidi.

"Marahaba," nikajibu bila kupunguza mwendo.

Nimejifunza nini? Kwamba mabalozi wote ni wamoja, wa koti na wa kilemba, na kwamba aliyebuni neno moja kwa kazi hizo mbili alijua alichokuwa anafanya. Anayenicheka tena, anicheke akiwa amesafiri.

Mlango wa nyumba ya saba ulilia kama kawaida yake. Mama Kulwa alikuwa hai, macho ukutani, mwepesi kama kitenge kilichoanikwa. Shija akapiga magoti kando ya kitanda. Mama yake akapapasa uso wake, paji, pua, masikio, kisha kwa sauti ndogo akauliza:

"Uliripoti kwa balozi?"

Shija akageuka akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Nimeripoti, mayu," akamwambia mama yake. "Huyu hapa."