Sauti ya Tano Ndani ya Gari ya Afande

Mpaka leo nikipita sokoni pale Base Camp kuna mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vikavu, akiniona tu anaanza kulia "iiiiii" kwa pua, na wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nawaacha wacheke, kwa sababu aibu ile nilijitafutia mwenyewe.

Enzi zile za kaseti mimi njo nilikuwa dirijan, ni kusema kiongozi wa kwaya yetu ya sauti nne, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na nilijisifu masikio (mtu akikosea noti nilikuwa nageuza shingo kabla hajafunga mdomo). Tulikuwa tumerekodi kaseti yetu ya kwanza, mimi naongoza huku naimba besi, na Jumapili wageni wa kanisa moja la Mbarara walikuwa wanakuja kutusikiliza, wakitupenda tukaimbe kwao. Solo ilikuwa ya binti mmoja anaitwa Maombi. Maombi alikimbia vita Uvira bila hata sufuria, kitu alichofika nacho ni ile sauti, na nasema kweli, akiifungua hata batu ba kwenye foleni ya maji walikuwa wananyamaza.

Sasa, Afande, mwanajeshi mstaafu ambaye gari yake tulikuwa tunakodi, alinipeleka Mbarara tufunge redio na amplifaya, tupate kuzunguka tukitangaza ile Jumapili. Fundi akasema waya wa betri upite upande huu wa gari, waya za sauti upande ule, na ile waya ya masi, inayofungwa kwenye bodi ya gari, ikae kwenye chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi. Mimi nikaona mawingu, nikamwambia waya ni waya tu, pitisha zote chini ya kapeti upande mmoja, masi funga kwenye bolti yoyote, tuondoke mvua haijatukamata. Akanitazama, akafanya kama nilivyotaka.

Tukatoka mjini kaseti inaimba, na pale kwaya iliponyamaza ikabaki solo, nikasikia nyuma ya Maombi sauti nyembamba, iiiiii, gari ikikaza mwendo inapanda, ikipunguza inashuka, na mimi na masikio yangu ya sifa nikasema huyu binti anavuta noti kwa pua. Njia nzima nachemka. (Afande aliniuliza kama nasikia kitu, nikamwambia mambo ya muziki atuachie wenyewe.)

Kama ningemwita pembeni ningepona. Lakini wapi! Gari iliposimama katikati ya soko, injini bado inanguruma, nikamwona Maombi ananunua maharage, nikamwita, nikafungulia redio mpaka mwisho, nikatangaza mbele ya soko zima kwamba huyu njo anaharibu kwaya yetu, na Jumapili solo ataimba mwingine.

Machozi yalimjaa. Aliweka maharage chini, akatega sikio kwenye spika, akasikiliza, kisha akamwomba Afande, kwa heshima zote, akanyage mafuta kidogo. Afande akakanyaga, iiiiii ikapanda. Akaachia, ikashuka. Akakanyaga tena, na safari hii Maombi akaifuata kwa koo lake, noti kwa noti, bila kukosa hata kidogo, mpaka hukujua mtu ni yupi na mashine ni ipi.

"Dirijan," Afande akasema, "ile inaimba siyo huyu binti. Ni gari yangu."

Soko lilikufa kwa kicheko. Nikatafuta fasi ya kujificha nikakosa, nikaingia chini ya gari, nikisema eti naangalia waya.

Ningekuwa mimi ningeenda zangu nyumbani. Maombi alibaki. Afande akazima injini, redio ikaimba safi. Akawasha, kelele ikarudi. Basi kaseti haikuwa na kosa. Nikalazimika kusema yote fundi aliyonishauri. Afande akafungua masi, akakwangua rangi kwa kisu, akakaza upya.

"Imepunguka," Maombi akasema, "lakini haiyaisha."

Tukainua kapeti, tukahamisha waya za sauti upande wa pili, sikio lake likituongoza, bado, bado kidogo, mpaka ile kelele ikafa kabisa.

Ndipo kaseti ikasikika vile ilivyorekodiwa. Soko likatulia kumsikiliza Maombi, na mimi nikasema moyoni, Mungu alimpa huyu mtoto mingi. Kisha kwaya ikaingia, na kule kwenye besi nikasikia mwanaume mmoja anaburuta, chini ya noti, ubeti mzima. Nikageuza shingo kama kawaida yangu. Halafu nikaitambua ile sauti, ilikuwa yangu.

Nikamtazama Maombi. Hakushangaa hata kidogo. Alijua tangu siku ya kurekodi. Akanyoosha mkono, akapunguza redio polepole, kabla mwingine hajasikia.

"Afande, sasa iko muzuri," akasema. "Zima gari, mafuta isiishe bure."

Jumapili aliimba yeye, na wageni walitualika kabla hata ibada haijaisha. Mimi niliongoza kwa mikono tu, mdomo nimefunga, na mpaka leo njo vile ninavyoongoza.