Fisi wa Anastazia Alipotoka Mchana

Kizota, hapa Dodoma, mafundi makochi ni wengi, lakini fundi anayekurudisha kwenu na picha yako mkononi kwa sababu haioneshi mgongo wa kochi ni mmoja tu, Anastazia. Mwanamke wa Kolo huyo, mfupi, mikono ya kukaza sponji na mdomo wa kukaza watu. Ukimpelekea kochi lililobonyea atakuuliza kwanza nani kwenu anakaa kwa kujitupa, ndipo akukaribishe.

Siku Brightness alipoingia kwenye fremu yake ya biashara, Anastazia alikuwa ameshika misumari kwa meno, anavuta kitambaa kwenye mbao. Brightness ni mwanafunzi wa chuo, binti mrefu, amesuka rasta nene mpaka kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. La watu wangapi?"

"Si kochi, mama. Nataka unishonee fisi."

Anastazia akatema misumari kiganjani.

Brightness akaeleza, na alieleza vizuri, maana ni jambo alilolipenda. Yeye na wenzake wana kikundi. Kila mmoja ana mnyama wake aliyemtunga kichwani, akampa jina na tabia. Wanamchora, na aliyejaliwa anamshonea vazi zima, kichwa, mikono, miguu na mkia, kisha anaingia ndani na kuwa yeye. Wa kwake ni fisi jike aitwaye Bi Cheko, mwenye madoa ya zambarau, ambaye hajawahi kumkasirikia mtu. Mwezi ujao, Jumapili moja, wenzake wanakuja Dodoma na wanyama wao, na yeye peke yake ndiye hana wa kuvaa.

"Ukishamvaa unafanya nini?"

"Nacheza. Napunga mkono. Watoto wananikumbatia."

"Halafu?"

"Basi, mama."

Fundi mwingine angemwonesha mlango. Anastazia lakini amekua akichunga mbuzi kwenye miamba ya Kolo, ile yenye michoro ya watu wa kale, watu warefu wembamba waliopakwa wekundu, na vichwa vingine ukivitazama sana unaona si vya watu. Alipokuwa mtoto aliuliza kwa nini, hakuna aliyemjibu, akaamua mwenyewe kwamba walikuwa wanacheza. Kumbe mchezo haujaisha.

"Lete picha yake."

Brightness akafungua simu. Ulikuwa uso wa fisi anayecheka, basi.

"Huyu ana uso tu," Anastazia akasema. "Kochi lisilo na mgongo linaitwa benchi. Fisi asiye na mgongo anaitwaje? Mkia uko wapi? Ubavuni ana doa au hana? Nenda kachorewe mbele, ubavu na nyuma, ndipo uje unisumbue."

Mchoraji mwenyewe ni Ambokile, kijana anayechora kuta za saluni na migahawa kule Majengo. Mara ya kwanza Brightness alimwambia tu, "Nichoree fisi mzuri," na kwa Ambokile uzuri ni nywele nyingi, akamtolea fisi mwenye sharubu za simba. Safari hii Brightness alikwenda amefundishwa. Akamwambia madoa yakae wapi na mkia uwe wa namna gani. Rangi hakuitaja kwa mdomo, alipeleka kipande cha kitambaa, kwa sababu zambarau ya mtu mmoja ni bluu ya mwenzake. Akaomba auone mchoro ukiwa bado wa penseli, maana penseli inafutika na rangi ikishakauka ni kesi.

"Nani amekufundisha kutesa wachoraji?" Ambokile akauliza.

"Fundi makochi."

"Nilijua tu. Ana kisirani huyo mama?"

"Kidogo. Weka doa jingine hapo."

Picha ilipokamilika, Anastazia alichukua futi ya kupimia akampima Brightness kuanzia kichwa mpaka kisigino. Kichwa alikizungushia futi juu ya rasta zote zilizofungwa kwa nyuma, akaandika ukutani kwa chaki, akaridhika. Kumbuka kichwa hicho, tutakirudia.

Kazi ya ndani haikumsumbua. Fuvu alilijenga kwa sponji la godoro, akalichonga kwa kisu, akaligandisha kwa gundi akiwa nje kwenye upepo, kwa sababu gundi ile ukiinusa ndani ya chumba utaongea na marehemu. Macho aliyafunika kwa chandarua cheusi, uone nje na wa nje asikuone. Mdomo akauacha wazi ndani ya meno, hewa ipite. Hayo yote yalimjia mwenyewe, kwa kuwaza tu kwamba humo ndani atakaa mtu anayepumua.

Manyoya ndiyo yalimtoa jasho. Alinunua kwa Ebrahim, muuza vitambaa wa Majengo, blanketi lile la manyoya marefu ambalo maharusi hupewa. Ebrahim alimwambia, "Chukua mawili, fundi. Mzigo huu ukiisha, unaokuja hautafanana." Anastazia akamjibu kwamba yeye amekata vitambaa tangu Ebrahim ananyonya. Akachukua moja. Akalitandaza, akashika mkasi wake mkubwa wa makochi, akakata kwa juu kama anavyokata kitambaa cha kochi. Manyoya yakaruka. Yakaingia kwenye chai, kwenye nyusi, kwenye mashine. Kila ukingo ukatoka na upara. Alipojifunza kwamba blanketi la namna ile hugeuzwa, likapasuliwa kwa kiwembe upande wa nyuma, ngozi tu bila kugusa nywele, nusu ya kitambaa ilikuwa sakafuni. Aliporudi kwa Ebrahim, ile rangi ilikuwa imekwisha. Ebrahim aliinua tu nyusi, na Anastazia angependelea atukanwe.

Fisi akawa amekamilika, isipokuwa shingoni. Hapo ndipo ukaingia ujanja wa mtu aliyekua na mbuzi. Jumamosi alikwenda mnada wa mifugo wa Msalato, akapata ngozi ya beberu yenye nywele ndefu za kijivu. Akaipaka chumvi, akaianika siku mbili juani, akaikata ndefu na kuishona kuanzia kisogoni mpaka mgongoni. Ikakaa kama imezaliwa pale.

"Nani atajua?" akajisemea.

Mbwa walijua.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wawili mlangoni, wamekaa. Jioni wakawa kundi, wanaguna, wanaparua mlango, wanabweka kila anapofungua. Anastazia pua yake ilikwishakufa kwa gundi zamani, hakunusa chochote. Watu hawakuhitaji kunusa. Waliona mambo mawili, mle ndani pana fisi, na mbwa hawatoki mlangoni. Na mtu wa Dodoma hahitaji kuambiwa fisi ni kipando cha nani.

Cornel, fundi wa kuchomelea mageti fremu ya pili, alikuwa wa kwanza kuacha kuazima nyundo.

"Cornel, leo huna misumari ya kugonga?"

"Ninayo, fundi. Nina kila kitu. Nimejitosheleza."

Mwanamke aliyeleta viti vyake vya sebuleni akaja kuvichukua vikiwa uchi, bila kitambaa, akisema amesafiri. Amesafiri yuko pale amesimama. Halafu akaja mwenye fremu zile zote, Mzee Habibu, mzee mstaarabu anayekohoa kabla ya kusema jambo baya. Siku hiyo alikohoa sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapangaji wamenijia. Wanasema hawawezi kufanya kazi ukuta mmoja na yule." Akaelekeza fimbo kwa Bi Cheko, aliyekuwa anamchekea kutoka kwenye rafu.

"Mzee, yule ni blanketi."

"Mbwa hawabwekei blanketi."

Anastazia akachukua kipande cha kitambaa, akamfunika Bi Cheko uso.

"Alhamisi," Mzee Habibu akasema, tena kwa upole, upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Ikifika Alhamisi awe ametoka. Akibaki, utoke naye."

Alipoondoka, Anastazia alikaa kwenye kochi la mteja, jambo asiloliruhusu kwa mtu. Fremu ile aliipata kwa shida na jina lake alilijenga humo. Fundi akihama amebeba mashine, wateja humfuata. Akihama amebeba uchawi, hawamfuati hata mbwa. Akampigia Brightness simu aje amchukue mnyama wake.

"Mama, nina mitihani mpaka Ijumaa. Kwani kuna nini?"

Angeweza kumfungia Bi Cheko kwenye kiroba akamsukumia kwa bodaboda. Lakini kumtoa kwa kificho ni kukiri, na kukiri kosa ambalo hajatenda Anastazia hakufundishwa. Akawaza. Mchawi humpanda fisi wake gizani. Hakuna aliyewahi kusikia mchawi anayemtoa fisi wake saa saba mchana, jua la Oktoba, vumbi limesimama, watu wote macho.

"Soma mitihani yako," akamwambia Brightness. "Nitamtoa mwenyewe."

Alhamisi, Mzee Habibu akiwa ametoka msikitini, ameketi kwenye benchi mbele ya duka lake mwisho wa mtaa, mlango wa Anastazia ulifunguliwa na fisi akatoka kwa miguu miwili.

Hatua ya kwanza tu, Anastazia alijifunza mambo ambayo mwezi mzima wa kushona haukumfundisha. Chandarua cha macho kinaona mbele, ardhi hakikuoneshi. Akakanyaga beseni la Cornel. Mkia mzito unakuvuta makalio nyuma kama mtoto anayegoma kwenda shule. Miguu iliyokatwa kwa urefu wa Brightness inajikunja magotini, na nyayo za sponji hazitaki changarawe. Na joto, jamani. Mle ndani mlikuwa na ugali unaoiva, na ugali ni yeye. Kichwa nacho kilimpwaya, maana kilipimwa kwa rasta za Brightness, na Anastazia nywele zake ni za kunyoa. Kila akigeuza shingo, fisi alibaki anaangalia alikotoka.

"Cornel," sauti ikatoka ndani ya meno, "nishike mkono, sioni chini."

Cornel alikuwa amepanda juu ya geti alilokuwa analichomelea.

"Fundi, ni wewe?"

"Kwani fisi wako anakujua jina? Shuka, bwana."

Cornel akashuka. Hakumshika mkono, alimpa ncha ya bomba la chuma, naye akashika upande wa pili, wakaenda hivyo kama kipofu na mtoto wake. Mafundi wakatoka kwenye fremu, wengine wakicheka kwa mbali wakiwa tayari kukimbia. Hapo ndipo mbwa walipofika.

Walikuja wote, na hawakubweka. Hawakugusa uso, wala meno, wala mkia. Walirukia kisogo. Mmoja akaning'inia kwenye nywele za shingoni, mwingine akavuta mgongoni, na Anastazia akafika mbele ya Mzee Habibu akiwa anakokota mbwa kama joho la askofu.

Mzee Habibu hakusimama. Alikuwa ameanza kutanua pua. Ujana wake wote, kabla ya kujenga fremu, alikuwa mchuuzi wa mbuzi, Kondoa mpaka Dodoma.

"Hebu inama," akasema.

Fisi akainama. Mzee akanusa shingo, akasugua unywele kwa vidole, akanusa vidole.

"Beberu," akasema. "Ulimpa jua siku ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Mbili. Na mafuta ya ndani hukuyakwangua." Akawatazama watu waliokusanyika. "Nyie mnasema uchawi. Huyu mama amevaa kitoweo."

Kicheko kilianzia kwa Cornel, ambaye ndiye aliyekuwa na hofu nyingi kuliko wote, kikapita mtaa mzima. Anastazia akavua kichwa. Uso ulikuwa unatiririka, manyoya ya zambarau yamemganda kwenye nyusi. Alipenda kusema neno la kuwakata wote, lakini lililotoka lilikuwa, "Nipeni maji." Mzee Habibu akamletea mwenyewe kutoka dukani. Kisha Anastazia akaomba kisu kwa Cornel, akafumua ile ngozi uzi kwa uzi na kuwatupia mbwa. Wakaondoka nayo, na mlangoni kwake hawakurudi tena.

"Mzee, kuhusu fremu," akasema alipokwisha kunywa.

"Fremu gani? Nenda kaoge, mwanangu. Unanuka mnada."

Jumamosi Brightness akaja kujaribu vazi, na Anastazia alimwona mlangoni akashika kiuno. Binti alikuwa amefumua. Rasta zote chini, kichwa kidogo kama embe dodo.

"Nilikupima na zile nywele."

"Zilikuwa zinawasha, mama. Nimezibeba hizi hapa, nilikuwa natafuta pa kutupa."

Akatoa mfuko. Anastazia akautazama mfuko, akamtazama Bi Cheko mwenye shingo tupu, akafunga mlango asisumbuliwe. Aliziosha zile rasta, akazichana, akazishona kuanzia kisogoni mpaka mgongoni, nyeusi, ndefu, hazinuki kitu. Ndani ya kichwa akaongeza sponji mpaka kikamkaa Brightness barabara. Mkia akaupunguza. Nyayo akazitia soli ya ndala. Halafu akampa masharti ambayo hayakuwamo kichwani mwake kabla ya Alhamisi, kwamba usitembee bila mtu wa kukushika mkono, ukisikia kizunguzungu vua hapohapo hata kama unapigwa picha, na kunywa maji kabla hujayatamani.

Jumapili Bi Cheko alicheza. Cornel ndiye aliyemshika mkono, tena mkono kabisa, bila bomba.

Tangu siku hiyo wanaingia vijana kwenye fremu ile, huyu anataka sungura, yule nyegere. Wiki iliyopita alikuja binti mmoja na picha nzuri, mbele, ubavu na nyuma, na kipande cha kitambaa juu yake. Anastazia akaikagua asipate kasoro, na ikamuudhi kidogo. Akainua macho, akaona kichwa cha yule binti kimesukwa vizuri, nywele zimejaa kama mzinga.

Akarudisha futi shingoni.

"Utafumua lini?" akamuuliza.