Kanda Iliyotoka kwa Ndengu

Deki ya video niliipata Kibwezi, kwa mama mmoja wa duka aliyekuwa ameiweka chini ya televisheni ili iinuke kidogo. Nimehamahama miji ya barabara ya Mombasa maisha yangu yote, hata Kitui nimekaa, lakini sijawahi kubeba mzigo ulionifurahisha hivyo. Nilifika nyumbani Kasikeu nimeikumbatia kama mbuzi wa mahari.

Dada yangu alikuwa ameshawasha kompyuta na kuchomeka kifaa kidogo cha kuunganisha deki nayo. Baba alikufa kabla simu za kamera hazijafika kwetu. Picha zake tunazo, lakini sauti yake ilikuwa kwenye kanda moja tu, ya mnada wa mavuno kanisani. Na mama alikuwa ameanza kulalamika kwamba akijaribu kuikumbuka sauti hiyo, anasikia ya shemeji yake.

"Mwaitu, kanda iko wapi?" nilimuuliza mama.

"Iko salama."

Akaenda ghalani, akarudi na mkebe wa ndengu, zile choroko anazozihifadhi kwa majivu. Akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuvuta kanda iliyojaa majivu.

Dada akaketi sakafuni. "Mwaitu! Kanda kwa majivu?"

"Ndengu zangu umewahi kuzipata zimetobolewa na wadudu?"

"Hapana, lakini..."

"Basi."

Tulifungua skrubu za kanda barazani, tukapangusa kwa brashi ya rangi, tukapuliza na kupiga chafya kama mbuzi. Mama alinitazama nyusi zilivyogeuka nyeupe, akasema, "Mvi umepata. Mke bado."

Mara ya kwanza deki iliimeza kanda. Dada aling'oa waya ukutani huku akipiga mayowe, nami nikauvuta utepe polepole na kuukaza kwa penseli. Mara ya pili ilitokea mistari, kisha rangi ya uji, halafu, ghafla, kanisa letu la mabati na watu wakiwa vijana kupita kiasi! Kompyuta ikaanza kurekodi.

"Mtu asiguse kitu," dada akaonya. "Hata msipumue."

Katika mnada wetu kuku hauzwi mara moja. Ukimnunua unamrudisha mbele, anauzwa tena, na kuku mmoja anaweza kulisha mnada hadi saa za chakula. Siku hiyo alikuwa kuku mwekundu aliyetolewa na mama. Baba akasimama nyuma, akataja bei. Kisha akataja kubwa zaidi. Kisha kubwa zaidi ya hiyo.

"Mzee, unashindana na nani?" mnadishaji akauliza. "Ni wewe peke yako!"

"Najua!" Ile sauti nzito, inayokwaruza mwishoni. "Gonga meza nimchukue!"

Nilimshika dada mkono. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, mabega yakiruka.

"Alikuwa kuku wake wa mayai," akasema kwa shida. "Nilimtoa bila kumwambia."

Kwenye kanda, baba alilipa, akamtia kuku kwapani, na badala ya kumrudisha akaelekea mlangoni. Mnadishaji akamfuata mbio. "Mzee, rudisha! Bado anauzwa!"

"Huyu amefika kwao!" baba akanguruma, na kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Sisi pia. Dada alicheka mpaka akakohoa, nami nilitaka kutoka nje nikimbie kuzunguka boma.

Kanda ilipoisha, kompyuta ilinakili yote kwenye diski, nayo ikatoka ikiwa na joto. Mama akaishika ukingoni kwa vidole viwili.

"Yuko humu?"

"Yuko humu."

Akaipangusa kwa leso, akainuka, akachukua ule mkebe wa ndengu na kuelekea ghalani.

"Mwaitu, hapana! Si kwa majivu!" tulipiga kelele pamoja, tukimkimbilia.

Akafunga mlango. Kutoka ndani tukamsikia mama kwa sauti nzito, inayokwaruza mwishoni, sawasawa kabisa na ya baba:

"Huyu amefika kwao!"