Mkeka wa Kupigia Magoti

Ukindu uliotoka kutiwa rangi ukianikwa juani, harufu yake hunifanya nigeuze uso mpaka leo, nami ni bibi mwenye wajukuu sita. Si harufu mbaya. Inanirudisha tu Mengo, uani kwa Mama Nansubuga, miaka ile ya utawala wa wanajeshi.

Sisi tulikuwa Wakenya, wageni katika nchi ile. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Kwetu mtoto alisalimia akiwa wima, kwa mkono. Jirani yetu Mama Nansubuga aliniona sina adabu hata kidogo, akanikalisha na binti yake Nansubuga, rafiki yangu, kwenye mkeka wake mpya. Akatufunza kumpigia mkubwa magoti, macho chini, na kujibu kila tulichoulizwa. Basi nikanogewa! Nilimpigia magoti muuza maziwa, nikampigia hata mbuzi wake, Nansubuga akacheka mpaka machozi.

Jumamosi moja asubuhi, watoto tukicheza mbele ya nyumba yao, likasimama gari, wakashuka wanaume watatu wenye miwani myeusi. Wenzangu wakatawanyika. Mimi nikapiga magoti palepale vumbini.

"Wewe toto, fundi ya redio iko wapi?"

Fundi alikuwa baba yake Nansubuga. Na swali lilikuwa kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu, ambayo majirani hawakuizungumza! Nilijiona mtu.

"Yuko nyuma ya jiko, mzee," nikajibu, macho chini.

"Hii toto iko na adabu," akasema mmoja.

Wakamtia fundi kwenye buti la gari, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu. Hatukumwona tena.

Sikumwambia mtu. Tangu siku ile, kila nilipotaka kumpigia magoti Mama Nansubuga, alinidaka mkono kabla sijafika chini. Nikajua amenichukia, na niliona ana haki.

Nansubuga na mimi tumezeeka pamoja, tumezikiana wazazi. Majuzi aliniletea mkeka ule wa marehemu mama yake, umechakaa, nikashindwa kuvumilia. Nililia, nikamweleza yote.

"Siku ile Mama alikuona kutoka dirishani," akasema taratibu. "Alinikataza nisikuulize kamwe. Alisema, 'Yule mtoto nilimfunza mimi.'"

Miaka yote ile nilidhani mkono ule unanikataa. Kumbe mama wa watu alikuwa akijilaumu mwenyewe, nami sikupata kumwambia pole.