Maelezo Yaliyokwenda Machimboni

Ulikuwa mwaka juzi. Hapana, mwaka jana, Mzee Sabiti alipokaa kwenye benchi la duka la dawa pale Nyahanga akimtazama muuzaji. Mama yule huchukua simu ya mteja, huifuta kwa koti lake jeupe, kisha hurekodi humo maelezo ya kumeza dawa kwa Kisukuma, taratibu, akigonga kaunta kwa kidole kila anapotaja kidonge. Siku hiyo mchimbaji mmoja, Baba Noela, alifuata tena dawa za presha za mkewe.

"Zile za kwanza, sauti yangu mkeo aliisikiliza?"

"Aisikilizeje, mama? Simu naondoka nayo machimboni."

"Mungu wangu! Mgonjwa nyumbani, maelezo shimoni! Na wewe unayasikiliza?"

"Nayasikiliza sana. Unaongea vizuri."

Mama akaiweka simu chini, akashika kichwa. Mzee Sabiti akauliza: "Sasa huyo mke, mwezi mzima, amekuwa akizimezaje?"